Kamera Mlangoni kwa Mayu

Sapiwi,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Novatus,

Mwangaluka huko Dodoma. Sisi huku tunapumua. Mayu anakula vizuri, Salu wangu anakwenda shule, na ng'ombe wawili waliobaki wananitazama kila asubuhi kama mimi ndiye niliyezuia majani yasiote. Pamba tumepalilia mara ya kwanza. Mwambie Specioza kitenge alichonitumia nimeshonea gauni, na gauni limeshanibana.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ipo, lakini nikiongea na wewe mayu anakaa hapo hapo, anataka niweke sauti kubwa amsikie mwanawe. Ndiyo maana kila ukiuliza najibu tuko salama. Hatuko salama.

Bujiku, mtoto wa baba mdogo, unajua kaya yake na yetu zinatenganishwa na ule mstari wa minyaa tu. Mwezi wa kwanza alizika watoto wawili ndani ya wiki moja. Zahanati walisema malaria imepanda kichwani. Mayu alilia msibani mpaka sauti ikakauka. Matanga yalipoisha, Bujiku akasafiri kwenda kwa mganga, na tangu arudi hapiti tena kwetu kusalimia. Kisimani wanawake wakiniona wanafunika ndoo zao. Macho ya mayu unayajua yalivyo mekundu, miaka hamsini ya kupikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Sasa macho hayo ndiyo yamekuwa habari ya kijiji.

Juzi alfajiri nimekuta karatasi ya daftari imechomekwa kwenye mlango wake. Imeandikwa neno moja, HAMA. Nimeichoma kabla hajaamka. Hajui kusoma, lakini angeniuliza imeandikwa nini.

Novatus, wanaoandikiwa hivyo wewe na mimi tunajua wanaishia wapi. Njoo umchukue mayu akae kwako. Kama haiwezekani kwa sasa, tutumie moja ya hizo kamera unazofunga maofisini ili tumjue anayekuja. Iwe yenye taa nyeupe kali inayowaka mtu akisogea, kama ile uliyofunga kanisani kwa Mchungaji Elia. Mtu wa namna hii anaogopa mwanga kuliko anavyoiogopa serikali.

Barua nampa konda pamoja na michembe yako ya viazi.

Dada yako,
Nyanjige


Dodoma,
24 Februari 2024

Shikamoo dada,

Na mayu nampa shikamoo yake ya peke yake. Michembe imefika, ila nadhani konda ameionja njiani zaidi ya mara moja. Hapa tuko wazima. Specioza ana ujauzito wa miezi mitatu, anatapika kila kitu isipokuwa hiyo michembe. Kazi zipo, wiki nzima nilikuwa juu ya dari la ofisi moja navuta nyaya, nimerudi mweupe kwa vumbi kama mwoka mikate.

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaisoma tena. Habari ya mayu kuja huku tutaizungumza, vyumba vyetu ni viwili na hali ya Specioza ndiyo hiyo. Kwanza tushughulikie kamera.

Nimepima aina tatu. Kuna za nyaya na mashine ya kurekodia, kama za maofisini. Hizo zinataka umeme, na nguzo za umeme zimepita mbele ya kwetu bila kuingia. Kuna za laini ya simu, ningekuwa nawaona mkipita uwanjani nikiwa hapa hapa kwangu. Lakini kwetu mtandao wa intaneti mpaka mtu apande kichuguu, na kamera ya namna hiyo ikikosa mtandao inabaki pambo. Kwa hiyo nimechagua ya sola. Ina betri yake ndani, na chochote kinachotembea mbele yake inakirekodi kwenye memori kadi.

Ya taa nyeupe nimeiacha makusudi. Taa inamaliza betri kabla hakujakucha, na adui akiiona anajua pa kukwepa. Hii inatoa mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Yeye atadhani yuko gizani, kumbe kamera inamwona, picha nyeusi na nyeupe, safi kabisa. Hapo niamini dada, hii ndiyo kazi yangu.

Ifunge kwenye nguzo ya zizi, juu kidogo ya mahali mkono wako unapofika, itazame mlango wa mayu. Isitazame mashariki, jua la asubuhi litaipofusha. Usiisogeze chini ya bati, mwanga wake utagonga bati na kurudi, upate picha nyeupe tupu. Kibao cha sola kiwe mbali na moshi wa jikoni.

Mdogo wako,
Novatus


Sapiwi,
20 Machi 2024

Mdogo wangu Novatus,

Nakusalimu, na mama mjamzito nampa pole. Huku mvua imekatika pamba ikiwa inaanza kutoa maua, basi tunaangalia juu kama kuku anayekunywa maji. Salu amekuwa wa saba darasani. Analala kwa bibi yake kama kawaida, na kila asubuhi ananiletea hadithi ambazo mimi sikuwahi kusimuliwa.

Kamera imefika na nimeifunga mwenyewe. Nilipanda ngazi, mayu ameshika chini, huku ananiuliza kile kidude kinakula nini. Nikamwambia kinakula jua. Tangu siku hiyo akitoka asubuhi anasimama mbele ya nguzo anakiamkia, "Mwangaluka, ng'wanone," anakuita wewe mwanawe. Nimemwambia hukai humo ndani. Anasema anajua, lakini salamu haiozi.

Sasa matatizo. Ndani yake kuna mwanamke anayeongea Kiingereza. Siku ya nne alianza kurudia maneno yale yale kila baada ya muda, Salu akasema anataja kadi. Halafu buibui amejenga mbele ya kioo, namfuta leo kesho karudi. Na mimi sijui kamera imeona nini, maana kitochi changu hakina uwezo wa kuonyesha. Karatasi nyingine ilikuja Jumamosi. Nayo nimeichoma.

Hukunijibu vizuri kuhusu kumchukua mayu. Uliandika mistari mitatu juu ya bati na nusu mstari juu ya mama.

Nyanjige


Dodoma,
2 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Tunaendelea vizuri. Specioza sasa anakula, anakula hata cha kwangu. Hongera Salu kwa kushika namba.

Hitilafu ulizotaja ni za kawaida, usiogope. Huyo mwanamke alikuwa anasema kadi imejaa. Kadi niliyonunua imeandikwa giga mia na ishirini na nane, lakini nina wasiwasi ni feki, ndani huenda hazifiki hata nane. Nimekuwekea nyingine kwenye boksi hili, hii nimeipima mwenyewe. Zima kamera kwanza, ndipo uchomoe ya zamani.

Buibui anafuata wadudu wanaovutwa na joto la kamera. Paka mafuta ya taa kwenye nguzo kuzunguka, usiguse kioo. Uzi wake mmoja tu ukipita mbele ya kioo, usiku unaonekana kama moshi mweupe.

Kadi ya zamani usiitupe. Mpelekee Mwandu dukani kwake, ana kompyuta ya kuwawekea watu nyimbo. Akuchomekee mwone kama imeshika picha yoyote, huenda huyo wa Jumamosi yumo.

Kuhusu mayu, nimekuelewa. Acha Specioza ajifungue kwanza.

Novatus


Sapiwi,
28 Aprili 2024

Novatus,

Huku ni wazima wa mwili. Mvua imerudi imechelewa. Salu siku hizi analala kwangu, ana kikohozi.

Kadi nilimpelekea Mwandu kama ulivyosema. Ilikuwa siku ya mnada, dukani watu wamejaa wanachaji simu. Nilimwambia tuangalie baadaye, akasema ni dakika moja, akachomeka, picha ikatokea kwenye ile televisheni yake anayoonyeshea mpira.

Karatasi ya Jumamosi haikuwepo. Wala mtu hakuwepo. Alikuwepo mayu. Anatoka mlangoni usiku kwenda chooni, amejifunga kaniki, anatembea polepole. Alipofika katikati ya uwanja akageuka kuitazama kamera. Macho yake yakawaka. Novatus, yaliwaka meupe, yote mawili, kama ya paka aliyemulikwa na gari. Na mbele yake kikapita kitu cheupe kinapepea, ule uzi wa buibui, lakini uzi niliujua mimi peke yangu. Pembeni chini iliandikwa tarehe ya mwaka 1970. Mwandu akasema kwa sauti, "Huo si mwaka mama yako Milembe alioolewa hapa?" Hakuna aliyecheka.

Nilisema ni buibui. Nilisema kamera ilikosea saa. Nilichomoa kadi kwa nguvu, lakini watu walikuwa wameshaelekeza simu zao kwenye televisheni. Jioni ile video ilikuwa imefika Bariadi mjini. Nimesikia imefika hata Malampaka.

Bujiku alikuwepo dukani. Alikaa chini kwenye vumbi akashika kichwa, na mimi nilimwonea huruma, nakwambia ukweli wangu.

Kwa nini hukuniambia kwamba hiyo kamera inafanya hivyo? Limbu, mwenyekiti wa kitongoji, amekuja kuuliza. Ni mtu mwelewa, anasema akipewa maelezo yanayoonekana kwa macho atasimama mbele ya watu aseme. Mpe hayo maelezo. Na njoo.

Nyanjige


Dodoma,
6 Mei 2024

Shikamoo dada,

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Salamu zangu kwa mayu, usimwambie nimejua.

Ni kosa langu. Macho ya mtu yeyote yanawaka mbele ya kamera ile. Ule mwanga usioonekana unaingia kwenye jicho, unagonga nyuma, unarudi. Mtu akikaa gizani mboni inafunguka sana, ndipo yanawaka zaidi. Ya mayu, ya kwako, ya Limbu, ya mchungaji, yote. Sisi mafundi tumeyazoea mpaka hatuyaoni tena, ndiyo maana sikukwambia. Na saa ilirudi 1970 kwa sababu betri iliisha njiani. Kila kamera ya namna hii inarudi hapo.

Kwa simu jana nilikwambia kwa kifupi, waite wazee wasimame mbele ya kamera wajione. Sasa fuata hivi, usiruke hata kimoja. Wakae gizani robo saa kwanza. TOCHI ZOTE ZIZIMWE, na simu zote. Kamera ikiona mwanga inadhani ni mchana, inazima ule mwanga wake na kuchukua picha ya rangi, hapo hakuna jicho litakalowaka. Waitazame kamera moja kwa moja, mmoja mmoja. Halafu chukueni kadi mwangalie.

Barua hii msomee Limbu mbele yao. Nimempa konda nikamwahidi soda aifikishe Bariadi kesho.

Novatus


Sapiwi,
22 Mei 2024

Novatus,

Salamu zako nimezifikisha.

Barua yako ya tarehe sita nimeipokea tarehe kumi na saba. Konda aliishusha Maswa na mizigo ya mtu mwingine, ikalala kwenye ofisi ya basi mpaka mtu mwema alipoliona jina langu.

Wazee walikuja tarehe kumi na nne. Limbu ndiye aliyepanga siku, nikamwomba tusubiri barua, akasema wakiahirisha wataonekana wanaficha jambo. Siku hiyo nilikupigia mara tatu nikiwa nyuma ya zizi. Simu iliita mpaka ikakatika, mara zote tatu. Nikasema basi, kilichobaki ni kusimama tu mbele ya kamera, nitashindwaje?

Walikuja saba, na kila mmoja ana tochi yake, kama mtu yeyote mwenye akili anavyotembea usiku huku kwetu kwenye nyoka. Wakawa wanamulikana usoni ili waonekane vizuri. Hata mimi nilimmulika Limbu, nikamwambia asogee kidogo. Kadi ikaenda kwa Mwandu. Wazee saba, picha ya rangi nzuri, macho yao ni macho ya watu. Baada yao, walipokwisha kuondoka, kamera ilimrekodi mayu anakwenda chooni. Yake yakawaka.

Limbu alinirudishia kadi kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilitaka kuwasaidia." Hajarudi tena.

Barua yako ilipofika niliikimbiza kwake. Aliisoma yote, mpaka pale ulipoandika kwa herufi kubwa. Akasema sasa inaonekana ni barua iliyotungwa baada ya kushindwa. Tarehe ya juu akasema mtu anaweza kuandika anayoitaka. Nikamwomba tuwaite tena, gizani. Akanijibu kwamba hakuna atakayekubali kukaa gizani kwenye uwanja wa mama yetu.

Mayu sasa anajua. Salu alimwambia, watoto shuleni wanamwita mjukuu wa macho. Tangu siku hiyo akitoka usiku anajifunga kitambaa machoni. Anapapasa ukuta mpaka mwisho, halafu anahesabu hatua. Juzi alianguka akachubuka goti. Nilimwambia mayu fungua hicho kitambaa, kamera nimeshaizima. Akasema hawezi kujua nani mwingine anamwangalia.

Njoo umchukue. Sitaandika tena neno hilo.

Nyanjige


Dodoma,
9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Simu zako tatu niliziona. Niliishika mkononi ikiita. Nilijua unapiga kuniambia nije nimchukue mayu, nikaiacha. Sikujua wazee wako uwanjani. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, tochi, nami nililikalia.

Jingine ni hili. Ile video ilifika kwa Specioza kwenye kundi la ndugu zake, kabla hata sijapata barua yako. Nimemweleza. Nimezima taa za nyumbani nikamrekodi yeye mwenyewe, nikamwonyesha macho yake yanavyowaka. Aliyaangalia, akasema ameelewa. Halafu akasema mayu akija yeye atakwenda kujifungulia kwao na hatarudi. Si mtu mbaya, wewe unamjua.

Ninaweza kutuma ile ya taa nyeupe, uliyoitaka tangu mwanzo. Picha yake ni ya rangi hata usiku. Ninayo hapa, nimeshaipima, kila kitu kinafanya kazi. Niambie kama niitume.

Novatus


Sapiwi,
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Huku tumeshaanza kuuza pamba. Specioza namwombea ajifungue salama. Simlaumu, utaona kwa nini.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa wawili jikoni, mayu anapepeta mtama. Akaniuliza bila kuinua uso, "Na wewe Nyanjige, unaona kuna kitu nilimfanyia mtoto wa mtu?" Nilitakiwa kusema hapana. Nimelisema neno hilo kwa Limbu, kwa Bujiku, kwa wanawake wa kisimani, mpaka midomo imekauka. Siku hiyo nilimeza mate kwanza. Nikasema hapana, lakini nilikuwa nimechelewa, na yeye amenizaa, anajua ninavyojibu nikiwa na uhakika. Akaendelea kupepeta.

Salu hakuwa na kikohozi, Novatus. Nilimhamisha usiku ule ule niliotoka dukani kwa Mwandu. Maelezo yako nimeyaelewa yote, naweza hata kumfundisha mtu mwingine. Lakini nikikaa na mayu giza likiingia, maelezo yanaondoka, yanabaki yale macho.

Baada ya kutoka jikoni niliiwasha kamera tena. Sikumwambia mtu. Nilitaka kujua mama yangu anafanya nini usiku.

Jumanne alfajiri nilisikia mlango wake. Nilijua si safari ya chooni, kwa sababu alifunga kwa kufuli. Nilibaki kitandani nimemshika Salu mkono, nikimchungulia kwenye ufa wa mlango. Nilifikiri anakwenda kijiji cha Sola kwa mjomba Mashimba, na moyoni nilisema afadhali. Nimesema hivyo kuhusu mayu, na sasa umejua.

Mjomba anasema hajafika. Leo ni siku ya sita. Tumeuliza Maswa, tumeuliza Malampaka stesheni, sungusungu wamepita kwenye mapori yote ya huku. Jana Bujiku alikuja kunisalimia, mara ya kwanza tangu msiba. Ameniletea maziwa.

Ile ya taa nyeupe usitume. Hii nimeing'oa, iko ndani ya boksi pamoja na kadi. Kadi sijaipeleka kwa mtu yeyote, iangalie wewe. Utamwona anatoka na kifurushi kichwani, hana kitambaa machoni. Amesimama uwanjani anautazama mlango wangu. Anasimama muda mrefu. Mlango ni ule wa kushoto, hautafunguka. Usihangaike kutafuta hitilafu, kamera ilikuwa nzima.

Dada yako,
Nyanjige